Msindikizaji Hashuki Eldoret

Ijumaa iliyopita tuliuacha mguu wa kulia wa Angeline Adero hewani, juu ya mstari mweupe wa geti la stesheni ya Eldoret, na kwa barua nilizoletewa wiki hii naona wengine wenu hamjanisamehe. Haya basi. Mguu ule haukutua.

Mkono ulimdaka begani ukamvuta nyuma kwa nguvu, hata kitambaa chake cheusi kikamtoka kichwani.

"Mama! Hiyo mguu rudisha ndani!"

Alikuwa mkaguzi wa tikiti, mtu mrefu wa sare ya khaki aliyeitwa Kipyego. Hakuomba radhi. Hata kitambaa hakukiokota.

"Niachilie!" Angeline alifoka. "Huoni mimi ni mfiwa?"

"Kwa sababu wewe ni mfiwa ndiyo nakushika. Si ni wewe uko na sanduku kule kwa behewa ya mizigo?"

"Ndiyo. Ni mume wangu."

"Na unaenda wapi?"

"Hapo nje tu. Hamali ameniambia kuna mama ameniletea barua ya marehemu. Nachukua, narudi."

"Toa tikiti."

Angeline aliingiza mkono ndani ya koti. Lilikuwa koti la Otiende, koti zito la gadi wa treni, na lilimfika magotini. Kwao mjane huvaa nguo ya mumewe mpaka udongo urudishwe kaburini, naye alikuwa hajalivua tangu hospitalini Nairobi. Ndani yake, upande wa moyo, kulikuwa na mfuko wa siri ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Aliugundua juzi tu, alipokuwa akitafuta leso ya kufutia machozi. Alijiuliza ni nani aliyeushona, maana nyumbani kwake hapakuwahi kuwa na uzi mwekundu, kisha msiba ukamsahaulisha swali lenyewe. Msomaji, wewe usilisahau.

Kipyego aliishika ile kadi ngumu, akaisoma polepole kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Msindikizaji wa maiti. Nairobi mpaka Bungoma. Nusu nauli. Hakuna kukatiza safari." Akainua macho. "Unajua kusoma, Mama?"

"Najua kukushinda wewe."

"Basi hukusoma. Sikiza. Sanduku haina tikiti yake. Inasafiri kwa hii yako. Ukivuka hii geti, hii tikiti inatobolewa, safari yako imekwisha. Yako ikiisha, ya sanduku imekwisha. Mwili inashushwa hapa hapa Eldoret, na anapewa ule mtu amerudisha tikiti. Bungoma utaisikia kwa redio."

"Hata nikitoka dakika moja?"

"Hata ukitoka kupiga chafya."

Angeline alirudi nyuma hatua moja. Kule Bungoma lori lilikuwa likingoja kuupeleka mwili Ugenya. Kule Ugenya mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni siku ya nne, amekataa hata uji. Na yeye Angeline alikuwa na wavulana wawili, ambao kwa mila ya kwao wangepata taabu kubwa kusimamisha nyumba katika boma ambamo baba yao hakuzikwa. Yote hayo nusura ayapoteze kwa mguu mmoja.

"Kwa nini hamkuniambia tangu Nairobi?"

"Uliza wa Nairobi. Na usidhani nimekuonea huruma," alisema Kipyego. "Otiende nilimjua. Aliniandikia ripoti mbili, moja ikanitupa Turbo miaka miwili. Simpendi hata akiwa ndani ya sanduku. Lakini sheria ni sheria."

Alimrudishia tikiti kana kwamba ilikuwa na uchafu. Angeline aliirudisha katika ule mfuko wa siri, akaupigapiga kwa kiganja kuhakikisha.

Hapo sauti ya mwanamke ikasikika kutoka upande wa pili wa geti.

"Kipyego, hiyo mdomo yako itakumaliza siku moja."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, gauni jeusi, kitambaa cheusi, miguuni buti za mpira zilizoganda udongo mwekundu. Nyuma yake, kando ya barabara, ilisimama pikapu ya buluu yenye dereva ndani. Mwanamke huyo hakuwa na barua mkononi wala mahali popote.

"Ni wewe umeniita?" Angeline aliuliza.

"Ni mimi."

"Barua iko wapi?"

"Hakuna barua."

"Basi ulikuwa unataka nivuke!"

"Nilikuwa nataka uvuke," yule mwanamke alijibu bila kupepesa macho. "Ungevuka saa hii tungekuwa tunapakia."

Jamani, kuna watu wana uso mkavu! Angeline alitaka kumrukia, akakumbuka mstari mweupe, akasimama ncha za viatu zikiugusa.

"Wewe ni nani?"

"Mimi naitwa Mary Chepkorir Otiende. Huyo mtu amenioa miaka nane. Unadhani kila Jumanne na Ijumaa akishuka hapa alikuwa analala stesheni?"

Kweli Angeline alidhani hivyo. Otiende alikuwa akimwambia kwamba magadi wana nyumba yao ya kupumzikia Eldoret, na kwamba vitanda vyake vina kunguni. Kwa miaka minane alimwonea huruma kwa sababu ya kunguni wale. Sasa hasira ilimpanda mpaka akaisikia mdomoni, chungu.

"Malaya wa reli!" alisema.

"Niite vile unataka. Kaburi imechimbwa Kaptagat tangu jana. Watu wamefika, mhubiri amefika. Mume wangu analala kwangu leo."

"Mmechimba kaburi?"

"Nimekuambia."

"Basi zikeni mgomba!"

Watu waliokuwa karibu walivuta pumzi kwa pamoja. Kwa akina Angeline, kaburi likishachimbwa haliachwi mdomo wazi. Aliyepotea asionekane huzikiwa shina la mgomba badala yake. Mary alikuwa ameishi na mtu wa kule miaka ya kutosha kulielewa tusi hilo bila mkalimani. Midomo ilimcheza.

"Utaona," alisema. "Utaona nani atazika mgomba."

Akafungua mkoba, akaweka sarafu kwenye dirisha la Kipyego.

"Tikiti ya platifomu. Moja."

"Usimpe!" Angeline alipiga kelele. "Umemsikia mwenyewe anataka kuniibia maiti!"

"Amelipa, anaingia," alisema Kipyego. "Sheria ilikusaidia dakika tano zimepita ulinyamaza. Sasa inasaidia yeye, unalia."

Alichomoa kadi ngumu kutoka kwenye kisanduku, akampa. Kadi yenyewe ilikuwa saizi ile ile na rangi ile ile ya udongo kama ya msindikizaji, tofauti ni maandishi tu. Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini.

"Mimi zamu yangu inaisha saa nne," aliwaambia wote wawili. "Mkitaka kuuana, ngojeni Thuo aingie."

Treni hiyo ilistahili kufika Eldoret alfajiri na kuondoka. Lakini ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, na mabehewa ya mahindi ya manjano yalipewa njia mbele ya binadamu. Abiria walikaa Timboroa usiku kucha wakila baridi. Sasa injini ilikuwa ikibadilishwa, na kengele ya kuondoka ingelia saa nne na robo. Angeline alihesabu: nusu saa na kidogo. Nusu saa tu akae mbali na geti, na Otiende angekuwa njiani kwenda kwao.

Alikwenda akasimama mbele ya behewa la mizigo, mgongo kwenye mlango, mikono ameitandaza. Mary alimfuata, akasimama hatua tatu kutoka kwake.

"Pita tuone," alisema Angeline.

"Sina haja ya kupita."

Ndipo Johnstone akatokea. Johnstone alikuwa mdogo wake marehemu, na alikuwa akisafiri kwa tikiti yake ya kawaida ya nauli kamili, ambayo inamruhusu mtu kutoka na kuingia apendavyo. Alikuwa ametoka kwenda kunywa chai kwenye kibanda kilicho mkabala na stesheni. Alirudi uso umempauka, na alipomwona Mary akapauka zaidi.

"Habari ya siku nyingi, Johnstone," alisema Mary. "Wale ng'ombe walifika vizuri. Wamezaa mara tatu."

Angeline aligeuka polepole.

"Ng'ombe gani?"

Johnstone alitazama reli.

"Johnstone, nakuuliza. Ng'ombe gani?"

"Shemeji, ndugu yangu alinituma..."

"Alikutuma wapi?"

"Kwa baba yake huyu. Kule Kaptagat. Mimi ndiye nilikuwa msemaji."

Kofi alilopigwa Johnstone lilisikika mpaka kwa wauza mayai ya kuchemsha. Lilikuwa kofi la miaka minane. Miaka hiyo yote alikuwa akila kwa Angeline kila Jumapili, akimsifia samaki wake, na ng'ombe wa mahari ya mke mwenza aliwapeleka kwa mkono wake mwenyewe!

"Nyoka wewe," alimwambia. "Chakula changu kikutoke puani."

"Nipige tena ukitaka," alisema Johnstone, akamsogelea sikioni. "Lakini nisikize, nyar Alego."

Angeline akamtegea sikio. Binti wa Alego: kwao aliitwa hivyo tu neno likiwa zito.

"Usivuke ile geti," Johnstone alinong'ona. "Hata iweje. Hata wakikuambia mtoto wako anakufa hapo nje, usivuke."

"Hiyo sheria nimeshaambiwa."

"Mimi sisemi mambo ya tikiti."

"Unasema nini basi?"

Johnstone alitupa jicho nje ya uzio. Dereva wa pikapu ya buluu alikuwa ameshuka, ameegemea mlango, anamtazama yeye. Hakuwa akimtazama Mary wala Angeline.

"Usivuke tu," alisema, akaenda kukaa kwenye benchi.

Angeline hakuwa na wakati wa kumfikiria mwoga yule. Mary alikuwa ameanza kulia.

Alilia bila sauti, mikono imening'inia, kamasi zikimtoka asizifute. Na nisimsingizie, machozi yale yalikuwa ya kweli.

"Hakuna mtu alinitumia hata telegramu," alisema. "Nimeambiwa na dereva wa treni ya mizigo. Ati, 'Mary, pole, nimesikia Otiende amekwisha.' Hivyo tu. Nilikuwa nakamua ng'ombe. Wewe ulimshika mkono akienda. Wewe ulimfunga macho. Mimi nimepata nini?"

"Umepata siku mbili kila wiki," alisema Angeline. "Zilikuwa zangu."

"Nipe dakika moja nishike hiyo koti. Nikimaliza naenda."

"Hapana."

"Mama, nakuomba. Bado iko na harufu yake."

Angeline alimchukia mwanamke yule kwa moyo wake wote. Lakini usiku uliopita, pale Timboroa, yeye mwenyewe alikuwa ameufunika uso wake kwa kola ya koti lile na kuvuta pumzi, na alijua kilichomo. Alishusha mikono. Hakusema ndiyo. Alishusha mikono tu.

Mary akaja, akajitupa kifuani pake, uso ndani ya koti, mikono ikalizunguka koti ndani na nje. Akaomboleza kwa lugha yake. Angeline alisimama wima kama mlingoti, hakumkumbatia wala hakumsukuma. Hesabu labda nusu dakika.

"Asante," Mary alisema alipoachia. Alijifuta uso, akageuka, akaenda zake kuelekea getini bila kutazama nyuma.

Najua mnachonipigia kelele huko mliko. Angeline hakuwasikia. Yeye alidhani ameshinda.

Kengele ya kwanza ililia saa nne na dakika kumi. Karani wa mizigo alikuja na daftari lake la kukagulia behewa.

"Msindikizaji! Tikiti!"

Angeline akatia mkono katika mfuko wa siri, akatoa kadi, akampa. Karani aliitazama, akamtazama, akamrudishia.

"Mama, hii ni ya platifomu."

"Ati?"

"Ya platifomu. Eldoret, leo. Hii haikuruhusu hata kupanda treni. Iko wapi ya msindikizaji?"

Angeline aliupindua mfuko nje. Haukuwa na kitu. Jua la saa nne liliuangaza ule uzi mwekundu, mishono midogo midogo, sawasawa, ya mkono wenye subira, na hapo akajua ni nani aliyeishona. Mary hakuwa na haja ya kupapasa. Mfuko ule ulikuwa kazi yake.

"Mwizi!" alipiga yowe. "Mwizi!"

Alikimbia kuelekea getini, koti likimpiga magotini. Johnstone alimfuata. Dirishani hapakuwa na Kipyego. Palikuwa na mtu mfupi mwenye miwani na beji ya chama kifuani, na mkononi alishika tikiti ya msindikizaji. Tikiti ilikuwa na tundu katikati. Mary alikuwa amesimama nje ya mstari mweupe.

"Hiyo ni yangu!" Angeline alisema akihema. "Huyo ameniibia! Muulize Kipyego!"

"Kipyego amepanda baiskeli amekwenda," alisema Thuo, maana ndiye. "Pole pole, Mama. Huyu mama amerudisha tikiti kwangu vizuri. Amesema ni Mrs Otiende, amekatiza safari, anachukua maiti yake hapa."

"Mrs Otiende ni mimi!"

"Kitambulisho?"

Angeline alikuwa nacho, akakitoa. Thuo alikisoma.

"Hapa imeandikwa Angeline Adero."

"Ndilo jina langu! Kwetu mwanamke haachi jina lake!"

"Kwenu." Thuo alionyesha kadi nyingine juu ya meza. "Hii yake imeandikwa Mary Chepkorir Otiende. Na tikiti yenu Nairobi waliandika Mrs Otiende, basi, wakachoka. Mimi naangalia karatasi. Siangalii nani analia zaidi."

"Hakufika na treni hii! Muulize amelala wapi jana! Muulize!"

"Na wewe nikikuuliza umeshika nini?"

Angeline alitazama mkononi. Alikuwa ameshika tikiti ya platifomu.

"Johnstone!" alilia. "Wewe ni ndugu wa marehemu. Sema!"

Wote wakamgeukia Johnstone. Abiria walikuwa wamejaa madirishani, na hata dereva wa injini alitoa kichwa. Thuo alimnyooshea kalamu.

"Wewe, bwana. Ndugu wa marehemu?"

"Ndiyo."

"Huyu aliye nje ni bibi ya Otiende? Ndiyo ama hapana?"

Johnstone alimtazama Mary. Mary hakumwambia neno. Hakuwa na haja. Ng'ombe wa mahari wana mashahidi, na shahidi anayewakana ng'ombe aliowaswaga mwenyewe kwa fimbo yake, kwao na kwa akina Mary, si mtu tena.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Na huyu aliye ndani?"

"Ndiyo pia. Huyu ndiye mkubwa."

"Tikiti ni moja," alisema Thuo. "Hakuna mkubwa na mdogo. Aliyeirudisha ndiye." Akageukia behewa la mizigo, akaweka viganja mdomoni. "Shusha sanduku!"

Angeline alirudi mbio, akakamata mpini wa sanduku, akavutana na mahamali watatu. Aliwauma. Aliwalaani mpaka wajukuu wao. Lakini mahamali walikuwa watatu, na treni ilikuwa imechelewa kwa muda wa saa tano. Wakamshusha Otiende, wakamlaza juu ya mkokoteni wa mizigo kati ya magunia mawili, na kengele ya pili ikalia. Treni ya Bungoma ikaondoka na begi la Angeline, bila Angeline, bila mumewe.

Mkokoteni ulipita getini. Thuo aliuandika. Nje, wanaume wawili wenye majembe, wachimbaji wa Mary, walisaidia kuliinua sanduku hadi ndani ya pikapu ya buluu.

Angeline alisimama kwenye mstari mweupe. Asubuhi nzima alipigania asiuvuke. Sasa alijiuliza anaulinda kwa ajili ya nini. Tikiti ilikuwa na tundu, mume alikuwa nje. Machozi yakakauka yenyewe, na mahali pake pakaja kitu kigumu.

Akauinua mguu wake wa kulia, ule ule, akautua nje.

"Mama, tikiti ya platifomu!" Thuo alidai.

Aliitupa dirishani mwake. Akatembea hadi kwenye pikapu, akashika ubavu wake, akapanda nyuma na koti lake zito, akaketi sakafuni, mkono mmoja juu ya sanduku.

"Shuka!" alisema Mary, ambaye alikuwa ameshapanda mbele, akitoa kichwa dirishani. "Umeshindwa! Shuka kwa gari!"

"Kwetu mjane haachi maiti mpaka udongo urudishwe," Angeline alimjibu. "Umesema wewe ni mke wa Otiende, basi hiyo mila unaijua. Twende Kaptagat. Nitakaa kwa mdomo wa hilo kaburi lako, na nione ni nani atanipita."

Mary alisita. Alimtazama yule mwanamke ndani ya koti, na kabla hajamjibu dereva akaondoa gari.

"Shemeji!" Johnstone alikuja akikimbia nyuma ya gari, akaning'inia kwenye ubao wa nyuma kwa mikono miwili. "Shuka! Nakuomba kwa jina la Mungu, shuka! Nilikuambia usivuke!"

"Toka hapa, mla ng'ombe."

"Angeline, nisikize! Pale kwa chai niliketi karibu na hawa wachimbaji. Walikuwa wanabishana nani atafukia kaburi gani. Gani, Angeline! Dereva akaona nimesikia." Alikaza mikono ubaoni. "Makaburi yamechimbwa mawili."

Angeline alimtazama Mary. Alitafuta usoni pake kicheko, au aibu, au ule ukavu wa asubuhi. Hakuona hata kimoja.

"Mawili?" alisema Mary. "Mimi nilisema wachimbe moja."

Akamgeukia dereva.

"Simamisha gari. Mawili ni ya nani? Nimesema simamisha!"

Dereva akakanyaga mafuta. Pikapu ilikuwa imeshaingia barabara ya Kaptagat.